Rangi Huulizwa Mwisho

Amefika na basi la alfajiri kutoka Mpwapwa,
Ndahani wa mzee Lechipya, udongo wa Winza ungali magotini,
jiwe amelifunga kwenye pembe ya kanga ya mkewe,
fundo juu ya fundo.
Kabla hajalifungua, ananitajia bei.

Mimi hapa Kizota napima tu. Sinunui.
Mezani nina kigae cha choo, nakitumia upande wa nyuma,
msumari, sumaku niliyoing'oa kwenye spika iliyokufa,
kichupa cha asidi, vipande vya mawe ya kulinganishia,
na ukutani ubeti niliowatungia vijana wa mafunzo:

*Jasi kucha huichora, chokaa hata sarafu,*
*Kisu kikiwa imara, kwatzi hukiona dufu,*
*Topazi huiparura kwatzi licha ya wasifu,*
*Yakuti ndiyo kinara, zote kwake ni dhaifu.*

(Almasi sikuitaja. Haijawahi kupita mlango huu.)

"Nyekundu," anasema. "Tazama ilivyo nyekundu."
Naona. Lakini rangi, ndugu yangu, huulizwa mwisho,
kama shahidi aliyekuja mapema mno mahakamani.
Nimeletewa la njano likijiita dhahabu;
nikalisugua kigaeni, likaacha masizi.
Nimeletewa jeusi, linang'aa kama jembe jipya;
unga wake ulikuwa mwekundu kuliko makorongo ya Kondoa.

Mama yangu, kule Mvumi, hakuwa na neno *madini*.
Akitaka jiwe la kusagia alipanda mlimani,
akaligonga, akasikiliza,
akasagia uwele wa kiganja kimoja,
akautafuna ule unga taratibu, amefumba macho.
Mchanga ukilia menoni, jiwe likashushwa cheo, likawa figa.
Lililokuwa jepesi likaenda kusugua visigino.
Na ulanga ukawa wetu watoto:
tuliubandua ukurasa kwa ukurasa
tukiutafuta ule wa mwisho, tusiupate.

Napima hewani. Napima majini. Natoa, nagawanya.
Nne, na nukta kidogo.
Ndahani anaiona kalamu ikiandika, anameza mate.
Uzito huo yakuti anao. Garneti naye anao.

Naweka ncha juu ya topazi. Nabonyeza, navuta.
Napangusa kwa kidole: topazi haina hata kovu.
Narudia kwa upande mwingine,
kwa ajili yake, si kwa ajili ya kipimo.

Nazima taa, nawasha ile ya urujuani.
Yakuti ya Winza ingewaka kama kaa lililopulizwa.
Ng'ambo ya barabara mashine inakamua alizeti.
Tunaisikiliza wawili, gizani,
na jiwe limelala.

"Si yakuti."

Anahesabu kwa vidole. Anapita kumi, anarudi kidole cha kwanza:
mbuzi kumi na mmoja waliingia kwenye shimo lile.
Nangoja aondoke. Wakishasikia *si*, huondoka.

"Basi ni nini?"

Miaka kumi na tisa mezani hapa,
swali hilo nimeulizwa mara chache, nao walikuwa wanafunzi.
Namsogeza dirishani. Namwonyesha ubavuni
nyuso mbili ndogo ambazo nyundo yake haikuzifikia,
bapa, kila moja ina pembe nne,
hakuna fundi aliyezikata.
Nilikuwa nimeziona tangu fundo la pili.
Ila kuona si kupima,
na mtu aliyeuza mbuzi anastahili kipimo.

"Garneti," namwambia. "Ina chuma ndani. Ndiyo wekundu wake."
"Garneti." Analionja neno kama mama na ule unga.
"Niandikie. Andika na Winza. Andika aliyeleta ni mimi."

Naandika. Anaikunja karatasi pamoja na jiwe,
fundo juu ya fundo, kama alivyokuja.

Mlangoani anasita, anavua kiatu, anakung'uta.
Kokoto inadondoka sakafuni.
Anaiokota, anaikwaruza kwa kucha,
anaisogeza kwenye jua, anaigeuza,
kisha anarudi hadi mezani kwangu na mguu mmoja peku.

"Na hii?"