Chumba cha Tatu

Dakika hamsini, basi.
Chai haijapoa, na mchezo umekwisha:
ngazi imejipanga, taa imewaka,
kisha majina mawili, meupe, madogo,
ya ndugu wawili wa Kraków
waliokesha miaka mitatu wakipaka rangi za maji
ili Aune Pärnpuu, anayerekebisha piano mashuleni,
akae jikoni kwake Tartu, soksi mbili kila mguu,
ahangaike na nyumba ya karatasi.

"Umeumaliza mara nane, shangazi," anasema Taavet.
"Majibu yote unayajua. Nikununulie mwingine,
una saa mia moja, una mazimwi,
una dunia nzima ya kuzungukia."
Aune anapangusa kishikwambi kwa mkono wa sweta.
"Saa mia? Nguo atanifulia nani?"

Nje mto Emajõgi umefungwa na barafu.
Saa kumi jioni, na giza limeshakaa kitako.

Chumba cha kwanza unakigeuza juu chini,
dari inakuwa sakafu,
na kikombe kilichokwama hewani kinashuka taratibu
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Cha pili ni vivuli: ufunguo ni kile kisicho na mwenyewe.
Hakuna neno. Hakuna saa inayokuhesabia. Hafi mtu.
Ukikosea, nyumba hupumua tu, ikakungoja.

Kwetu husemwa: kitendawili!
Nasi: tega!
Nyumba yangu haina mlango.
Mtoto wa miaka minne anajua ni yai,
alijua jana, alijua juzi,
na bado anarukaruka: tena, tega ile ile!
Jibu halitaki.
Anautaka ule mwanya mwembamba
kati ya tega na yai,
pale nyumba ni nyumba kweli
na mlango, kweli, hauna.

Chumba cha tatu humsumbua kila mara.
Mwezi umo ndani ya droo, hilo analijua,
lakini droo hukataa mpaka nondo atue kwenye pazia,
na nondo huyu ana kichwa kigumu.
Mara nane Aune amemswaga kwa nuru ya mshumaa,
mara nane akatua, droo ikafunguka, safari ikaendelea.
Leo simu ililia. Shule moja ya Viljandi:
piano ya ukumbini, nyuzi za juu zimelegea kwa baridi,
anaweza kufika Alhamisi?
Anaweza.
Waliongea pia habari ya paka.

Aliporudi, nondo alikuwa amechoka kusubiri.
Alikuwa ametambaa mwenyewe hadi ukingoni mwa picha,
akakunja mbawa, akalala.
Na juu ya bawa lile lililokunjwa,
mmoja wa wale wawili alikuwa amechora,
kwa brashi ya unywele mmoja,
nyumba nzima: ngazi, droo, dirisha,
na dirishani mtu, mdogo kuliko punje ya mtama,
ameinama juu ya kitu chenye mwanga.

Droo haikufunguka. Hakupata alama, wala nyota, wala pongezi.
Alivuta miwani karibu.
Miaka mitatu ya watu wawili,
na hili wameliweka pale asipopita mwenye haraka.
Hata piano ni hivyo: sauti ile ile uliyoigonga maisha yako yote,
siku moja unasikia, chini yake, mbao zenyewe.

"Umekwama?" Taavet aliuliza toka sebuleni.
"Nimekwama," alijibu,
kwa furaha ya kuudhi.

Kwetu aliyeshindwa na kitendawili hutoa mji.
Basi mpeni nondo Tartu:
daraja lake la matao, theluji iliyokanyagwa ikageuka kijivu,
duka la mkate linalofungwa mapema,
na hii chai, ambayo sasa imepoa.
Auchukue wote.
Aune hauhitaji mpaka Alhamisi.