Usiku Niliozima Maikrofoni

Mimi ndiye Meshaki, sauti ya kibanda umiza cha Chang'ombe.
Si ile ya Dar. Hii yetu ya Dodoma,
ya vumbi jekundu na upepo usio na adabu.
Kwa mia tano nakutafsiria Mchina, Mkorea, Mhindi,
na nisipojua asemalo nambambikia.
Nimewahi kumfanya jambazi wa Manila adai deni la mlenda,
watu wakacheka hadi mabenchi yakalia.

Jumanne ile ikaletwa diski isiyo na jalada,
imeandikwa kwa wino: WATOTO HAPANA.
Vijana wakajaa, wakitarajia mambo yao.
Nikakohoa kama kawaida, nikaanza,
"Mabibi na mabwana, stelingi wetu ni huyu bibi..."

Bibi alikuwa amebeba mlango mgongoni.
Mlango mtupu, bila nyumba.
Anavuka ziwa lililokauka,
chumvi imepasuka kama kisigino
(Bahi mwezi wa kumi, nikawaza),
na juu yake samaki wanaogelea angani
polepole, kama watu watokao msibani.

Kwenye lango la mji akaulizwa kibali.
Askari wote walikuwa na uso mmoja, wakipokezana;
auvaaye ndiye aonaye,
wengine wanangoja zamu, laini kama yai lililomenywa.
Na malkia wa mji ule ananunua usingizi kwa pishi.
Raia wamepanga foleni na vibuyu,
wanamimina ndoto zao, rangi ya togwa,
kisha wanarudi nyumbani macho makavu,
pesa mkononi,
wasijue cha kununua.

Hapo ulimi wangu ukaanza kuteleza.
Nikasema, "Anasema kwamba..."
na bibi hakuwa amesema kitu.
Nikasema, "Maana yake ni kuwa..."
Chilewa wa bodaboda akapaza sauti:
"Ngumi zinaanza saa ngapi?"

Kisha bibi akageuka, na kamera ikausogelea mlango.
Komeo la mti.
Kovu la shoka pembeni, mfano wa mguu wa kuku.

Mlango wa tembe la baba yangu, Mvumi,
ulikuwa na kovu lile lile.
Uling'olewa wiki mbili baada ya arobaini yake
na aliyeung'oa ni mimi.
Niliuuza kwa mchoma mkaa, elfu sita.
Mama hadi leo anadhani ni mchwa.

Najua, najua. Filamu imetengenezwa nchi ya theluji
na watu wasiojua Mvumi ni mji au ugonjwa.
Sasa lile kovu waliliokota wapi?

Nikazima maikrofoni.
Kibanda kikasikia, kwa mara ya kwanza,
filamu inavyopumua yenyewe:
nyayo juu ya chumvi,
samaki wakikata upepo,
jenereta ya jirani ikiingia humo humo
kana kwamba ilialikwa.

Katikati ya ziwa bibi akaulaza mlango chini,
akapiga magoti juu yake, akabisha hodi.
Mara moja.
Mara mbili.
Ya tatu mkono ukabaki hewani,
na skrini ikawa nyeupe.

Hakuna aliyeinuka.
Kisha Damari, muuza zabibu,
aliyekuwa ameingia kukwepa vumbi tu,
ndoo yake magotini,
akasema taratibu, "Karibu."

Nje wakabishana hadi saa sita.
Eneriko, karani wa ardhi aliyehamia na wizara,
akaapa malkia yule ni mshahara.
Mwingine akasema ni dini, mwingine ni simu.
Damari hakusema. Alikuwa anachambua zabibu
zilizopondeka, akizila moja moja gizani.
Chilewa akadai mia tano yake:
filamu gani hiyo, hata stelingi hajulikani?
Nikamrudishia.

Mimi nadhani stelingi ni mlango.
Lakini hilo nimeliandika hapa tu, sijalisema.

Kesho yake, kabla sijafungua, Chilewa yuko mlangoni,
kofia ngumu kwapani, haniangalii usoni.
"Ile ya bibi. Unaiweka tena?"
Akatoa elfu moja. Sikuwa na chenji.
"Kaa nayo," akasema. "Ila leo, kaka, usiongee."