Sentimita Nne Nukta Mbili

Usiku wa tatu huu, paa limekataa.
Nalikokota kwa kipanya, nalishusha juu ya kuta
kama anayefunika sufuria kwa kifuniko cha jirani:
pembe tatu zinakaa,
ya nne inabaki wazi.

Natendua. Narudia. Natendua.
Programu, kwa adabu ya mashine, inaniandikia kwa wekundu:
umbo halijafungika.
Nimeikuza picha hadi ukuta ukawa jangwa jeupe,
na humo, kati ya kenchi na ukuta, nikauona mwanya.
Sentimita nne nukta mbili.

Huku Chiloé mvua haipigi hodi.
Inaingia, inakaa, inauliza mmepika nini.
Ancud yote inanuka moshi wa kuni na sufu mbichi,
na mimi kazi yangu ni kuchora nyumba za watu
ili benki ione inakopesha nini.
Hii ni ya Bi Hermelinda Cárcamo. Mbao tupu, juu hadi chini.
Aliijenga marehemu Custodio
mwaka aliorudi Patagonia kunyoa kondoo,
bila mchoro, bila karatasi,
timazi lake jiwe na uzi wa kushonea magunia.

Nimejaribu kila ujanja niujuao.
Nimeizima ile sumaku inayovuta nukta kwa nukta.
Nimeubomoa ukuta wa kaskazini, nikaujenga upya kwa kidole kimoja.
Nimekagua tabaka kwa tabaka, nikakuta mlango
umechorwa mara mbili, mmoja ndani ya mwenzake,
nikaufuta ule wa ndani.
Paa halikujali.
Saa nane za usiku nikafanya lile tulifanyalo wote
na hatusimuliani:
nikaudanganya ukuta. Nikaurefusha kwa kiasi kile kile.
Paa likafunga, tii.
Skrini ikanipa nyumba iliyonyooka kama rula,
nyumba ambayo hajawahi mtu kukohoa ndani yake.

Usingizi haukuja.

Asubuhi nikabeba pimamaji na utepe,
nikateremka mtaa wenye utelezi.
Bi Hermelinda akanifungulia, unga mikononi.
"Umesahau kupima nini tena?"
"Pembe ile, nyuma ya jiko."
"Haya. Usiipige teke ndoo."

Ndoo.
Ya bati, rangi yake ya buluu imebaki kwenye mpini tu.
Sakafu imeota duara jeusi kuizunguka.
Juu, darini, tone linajikusanya,
linafikiri,
linaanguka.
Nikapanda ngazi, nikanyoosha utepe.
Nne nukta mbili.

"Ndoo hii iko hapa tangu lini?"
"Tangu Nelda wangu akitambaa.
Sasa Nelda ana meno ya bandia."
Kisha, kwa sauti ya kumtetea mtu asiyekuwepo:
"Custodio alisema paa halina kosa. Mvua ndiyo inayokosea njia."

Nikashuka polepole.
Mashine ilikuwa inaniambia kwa siku tatu
jambo ambalo ndoo imelisema maisha yake yote,
tone kwa tone, na watu wanakula pembeni yake.
Nilifundishwa kuziba ufa.
Hakuna aliyenifundisha kuuchora.

Nimerudi mezani. Nimeurudishia ukuta ufupi wake.
Wekundu umewaka tena: umbo halijafungika.
Najua, nimeijibu. Najua.
Pembeni nimewaandikia wa benki:
hapa panavuja, mkopo uanzie hapa.

Halafu nikafungua ghala la vyombo,
nikapita makochi, masinki, mimea isiyonywa maji,
nikitafuta ndoo.
Hawakuiweka.
Nikaichora mwenyewe: duara, duara dogo zaidi, mpini.
Nikaisogeza nyuma ya jiko, chini ya ule mwanya,
nikahifadhi.