Kwa Milembe

Wodini Kitete, wiki ya mwisho,
baba aliomba glasi ya maji. Si ya kunywa.
"Niwekee kifuani." Nikamwekea.
Akakunja kidevu, akafumba jicho la kushoto
kama alivyolifumba maisha yake yote nyuma ya darubini.
"Kitanda kimelalia mlangoni. Mwambie nesi."
Nesi alicheka. Mimi nilichana boksi la dawa,
nikalikunja mara nne, nikalisokomeza chini ya mguu wa kitanda.
Maji yakatulia. Ndipo akalala.

Meja Luhende Nsabi, mhandisi wa medani:
alijenga madaraja ya usiku mmoja ng'ambo ya Kagera,
alipapasa ardhi kwa kijiti akitafuta mabomu
na akarudi na vidole vyote kumi.
Bibi hakuamini. Kila likizo
alimshika mikono, akahesabu.

Mwaka wa themanini na tatu walimleta Itundulu,
na askari thelathini, makoleo, katapila moja bovu,
na karatasi yenye muhuri: mfereji,
kilomita sita na nusu, toka bwawani hadi majarubani,
mstari mnyoofu.

Udongo wa mbugani haupendi mstari.
Kiangazi unapasuka hata kwato ya ndama inazama,
masika unavimba, unavua watu viatu.
Yeye alipigilia vigingi mia mbili na sitini, vya mninga,
vichwa vyekundu,
akatuambia sisi watoto tuliomfuata na chaki:
"Mtu utamwamrisha. Maji, hapana.
Maji unayapa sababu tu."
Sababu ilikuwa sentimita nne kila mita mia.
Nne! Upana wa vidole vyake viwili.

Siku ya kufungua lango, mkuu wa wilaya akapiga makofi,
maji yakaenda, yakaenda,
na kwenye kigingi cha mia na kumi na moja yakasimama
kama mgeni aliyesikia mbwa.

Usiku alirudi na karabai, akapima upya.
Vigingi tisa vimehama, hatua kumi kushoto, kwa ustadi,
kamba imekazwa, vichwa vyekundu vinatazama juu.
Pale vilipong'olewa, mawe matatu na kibuyu kilichopasuka.

Kasanzu, kibarua wa kulipwa unga, hakukimbia.
"Ni mimi. Mama amelala hapo.
Ningekuomba, ungesema amri ni amri."

Baba alikaa kwenye tuta, akavua kofia.
"Jina lake?"
"Milembe."
"Alikufa na nini?"
"Mwaka wa yanga alikwenda kuchota maji.
Tulimkuta na ndoo."
"Ilikuwa na maji?"
"Haikuwa."

Siku kumi na saba walichimba tena,
kwa jembe na sururu, katapila limelala,
wala hawakunyoosha. Walikunja.
Kasanzu alichimba mbele ya wote.
Kisha baba akaandika, kwa mwandiko ule wa herufi za kusimama:
Kazi imekamilika kwa mujibu wa ramani.
Uongo wake pekee niliouona una muhuri.
Mkaguzi alikuja, gari likayumba konani,
akashika kofia yake, hakuuliza.
Cheo kilichofuata nacho hakikuja; kwa sababu hiyo au nyingine,
nyumbani hatukuwahi kuijadili.

Baada ya arobaini nilikwenda Itundulu.
Lango limeliwa na kutu, magugu yamefika kiunoni
sehemu zote zilizonyooka.
Konani maji yana mbio, yanajisafisha yenyewe,
na watoto wanaogelea. Wanapaita Kwa Milembe.
"Nani alichimba?" nilimuuliza mmoja.
"Jeshi," akasema, akaruka.

Mfukoni nilikuwa na kile kipande cha boksi,
bado kimekunjwa mara nne.
Nikakiweka juu ya maji, nikafumba jicho la kushoto.
Kilizunguka kona yote
bila kugusa ukingo.