Hii au Huyu

Imefika ndani ya katoni ya pempasi,
mpakani hakuna aliyeiuliza jina.
Shibiri moja na nusu, buluu iliyokoza,
dhahabu mabegani kama afande siku ya gwaride.
Nimeisimamisha kwenye meza ya kazi, pale Birere,
kati ya simu zilizokufa na chuma cha kuchomelea,
nikavaa miwani ya kutazamia skrubu.

Mimi simu nazitengeneza. Roboti nazihukumu.
Ninazo kumi na tisa rafuni, nyumbani Katoyi,
na daftari la mistari ambamo kila moja ina alama zake.

Kusimama, basi.
Kwingine wanaiweka mezani na kuhesabu hadi sita.
Hapa Goma mlima unakohoa usiku,
glasi zinagusana kabatini kama wageni wa harusi,
na kisichojua kusimama
asubuhi unakiokota chini ya kitanda.
Nyayo pana, vifundo vimekaza. Nane.

Viungo thelathini na viwili, nimevihesabu kwa ncha ya bisibisi.
Kiuno kinageuka kwa mlio, krrr,
unaoridhisha kuliko salamu za watu wengi.
Kiwiko cha kushoto kimelegea.
Upanga haukai kiganjani, unainama,
kama mtu aliyebebeshwa asichokitaka. Saba.

Rangi imevuka mpaka kwenye paja.
Jicho moja linatazama ziwa, lingine linatazama volkano.
Uso: nimeandika tano, nikafuta, nikaandika sita,
kwa sababu hilo jicho la ziwa lina huzuni fulani.

Ndani hamna kitu. Nimeitikisa.
Hamna betri, hamna waya, hamna hata chembe ya yale madini
ambayo watu wanashuka nayo mgongoni kutoka Masisi.
Ni roboti isiyo na umeme,
kwa hiyo ni jirani yetu kabisa.

Wiki tatu ilikaa rafuni, kifua mbele.
Halafu akaingia Katungu, mtoto wa dada yangu,
miaka minane, magoti meusi kwa vumbi la makoro.
"Huyu anaitwa nani?"
Hii, nikamwambia. Hii haiitwi. Hii inakaa hapo.
"Huyu amechoka kusimama," akasema, akamketisha
juu ya kopo la maziwa, na kweli
akaketi vizuri, mikono magotini,
kama baba anayesubiri zamu kwenye kituo cha afya.

Mizani ya Katungu haimo daftarini mwangu.
Anaweza kupanda chukudu?
(Alifungwa kwa mpira wa baiskeli, akapanda.)
Akizamishwa kwenye beseni la nguo, anaibuka na pumzi?
Upanga wake unamenya viazi? Haumenyi.
"Basi autupe, ashike mwiko."
Mwiko wenyewe kijiti tu cha aiskrimu,
ukaingia kiganjani, ukakaza.
Ukakaza kabisa!
Mimi niliyekisoma kiganja kile kwa miwani
hilo sikuliona.

Nikamwachia siku mbili. Nikarudia: mbili.
Siku ya nne, usiku, ardhi ikatikisika, si sana,
nikalala nikisikiliza rafu:
moja ikaanguka, kimya, tatu kwa pamoja.
Nikawasha tochi ya simu.
Pale palipokuwa pake, katika vumbi jeusi,
nyayo mbili safi, ndogo, zimeelekea mlango.

Asubuhi sikupitia njia ya Birere.
Nilibisha kwa dada yangu, akafungua Katungu
na mswaki mdomoni,
nikajisikia nauliza:
"Yuko wapi?"

Hakuniuliza nani.
"Amelala," akasema. "Mkono umetoka."
Wa kushoto, nilijua. Nilikuwa nimeandika.