Kizibo cha Saba

Msimbati, saa kumi na mbili kasoro, bamvua.
Maji yameanza kupwa, mchanga mgumu kama ugali wa jana.
Deraya jipya limeshushwa juzi bandarini Mtwara,
bado linanuka rangi, viti vyake vingali na nailoni.
Vijana wanalizunguka kama wanaomtazama bwana harusi,
wanaligusa, wanacheka.
Mimi nahesabu.

Lile kuukuu lilikuwa na vizibo kumi na vinne tumboni.
Watoto wa hapa waliliita Kasa,
maana lilitoka majini likihema, likiburura mwani,
na likigeuka kurudi lilikwenda polepole, kama lililokwisha kutaga.
Vizibo vya shaba, kila kimoja sawa na kikombe cha kahawa.
Ukitoka majini, vifungue, bahari iliyoingia itoke.
Ukirudi majini, vifunge.
Hiyo ndiyo elimu yote ya gari la maji na nchi.
Mengine mtafundishwa darasani.

Mwaka ule tulifunga kumi na vitatu.

Sitasema nani. Kumtaja mtu ni kutafuta pa kuutua mzigo,
na mzigo huu bega limeshauzoea.
Koplo Nampunju alikuwa akiimba redioni
wimbo wa unyago aliouiba kwa dada zake,
akanyamaza katikati ya ubeti, akauliza
kama mtu anayeuliza bei ya dagaa:
"Fundi, mbona miguu yangu imelowa?"
Mita mia mbili kutoka ufukweni. Kina cha minazi miwili.
Watatu walitokea mlango wa juu.
Yeye ndiye aliyewasukuma.

Kilikuwa cha saba. Kushoto, nyuma ya mnyororo,
pale mkono hupita haraka kwa sababu grisi ni nyingi.

Sasa Luteni Mkwanya ananionyesha kiwambo.
"Stafu, hili linajikagua lenyewe. Ona: kijani, kijani, kijani.
Maji yakifika kifundoni pampu zinaamka.
Usiku linaona. Wimbi likilipiga ubavuni linajisawazisha."
Nami nakubali; sina ugomvi na neema.
Laiti pampu hizi zingezaliwa mapema
Nampunju leo angekuwa na kitambi na mikorosho Nanyamba,
angekuwa ananikopa hela na halipi.
"Ni zuri, afande," nasema. Na ni zuri kweli.

Kisha navua saa, nalala chali,
najiingiza chini yake mpaka kiunoni.

"Stafu, kimeshasema kijani."
"Nimesikia, afande. Mkono wangu haujasikia."

Moja. Mbili. Tatu, chuma baridi kama pua ya mbwa.
Nne. Tano.
Sita, na hapo vimekwisha; hili lina sita tu, nimesoma kitabu chake.
Mkono haujasoma.
Mkono unaendelea kushoto, nyuma ya mnyororo,
unakuta bati laini lisilo na tundu,
unalipapasa kama ukuta wa nyumba uliyohama.

Upande wa pili mtu anatambaa. Ni Esha Nangolo,
kuruta wa miezi minne, dereva wa leo,
mchanga kwenye nyusi, helmeti imemkaa upande.
"Unatafuta nini, Stafu?"
"Cha saba."
"Hakipo cha saba."
"Najua."
Ananitazama kidogo. Haulizi tena.
Ananyoosha mkono wake, naye anapapasa palepale,
taratibu, mpaka kucha zinakwaruza chuma.
"Hakipo," anasema. "Nimehakikisha."

Dakika ishirini baadaye linaingia majini.
Ubao wa mbele unalivunja wimbi la kwanza, la pili linalimeza,
mgongo unaibuka, unatiririka, unakwenda.
Watoto juu ya ukuta wa chumvi wanabishana, hawajalipa jina.
Luteni anatazama saa yake.
Mimi nimeibana redio sikioni kwa mikono miwili,
grisi inanichuruzika shingoni,
nangoja mtu, yeyote, aniambie habari za miguu yake.