Rangi ya Ua la Kiazi

Kabla ya kupanda basi la Morogoro
Ambakisye alinionyesha mara tatu, kana kwamba mimi ndiye mtoto:
maji mililita tano, mama, jicho lilingane na mstari,
matone matano, kizibo, tikisa,
weka chini, usishikeshike, subiri dakika tano.
Ile chupa ya nitrati itikise kwanza kama mtu unayemdai,
dawa yake ni mvivu, hulala chini.

Nitriti. Nitrati.
Herufi moja tu katikati.
Kama lila na fila, nikasema, na hazitangamani.
Akacheka. Hizi hutangamana, mama,
moja humzaa mwenzake:
kinyesi cha samaki huwa amonia,
wadudu wasioonekana ndani ya sponji huila, wakaacha nitriti,
wadudu wengine wakaila hiyo, wakaacha nitrati.
Ya kati ndiyo muuaji.
Huingia kwenye damu ikaigeuza rangi ya chai ya rangi,
samaki akakosa pumzi humohumo majini.

Hiyo ya mwisho naijua. Usinifundishe.
Ndiyo ya mfuko wa kukuzia,
kijiko kimoja kwa kila shina, Uyole, miaka kumi na tisa,
vidole vyangu vinaijua kabla yako.

Halafu Juni.
Baridi ya Mbeya unayoivaa shuka juu ya sweta.
Umeme ukakatika Jumanne, ukarudi Alhamisi alfajiri,
na usiku ule wa kwanza
kilichoniamsha ni kimya cha pampu.

Samaki watano wa dhahabu.
Yule mwenye mkia uliochanika alikuwa juu kabisa,
mdomo nje, anautafuna upepo.

Nikapima kwa mwanga wa dirishani.
Bluu ndiyo salama, bluu ya asubuhi juu ya Loleza
ukungu ukishaondoka.
Yangu ilianza bluu, ikasita,
ikaenda zambarau, zambarau kamili,
ileile ya shamba langu linapochanua,
rangi ambayo mahali pengine popote
ningeipigia vigelegele.

Basi ndoo.
Nusu ya tangi nje, nusu ya diaba ndani,
maji yaliyolala usiku kucha klorini imtoke,
birika moja la moto kuvunja baridi yake.
Na chumvi, kijiko kwa ndoo,
chumvi humzuia yule muuaji mlangoni mwa shavu.
Maji machafu nikayamwagia chainizi nyuma ya jiko.
Sumu ya ndani, mboga ya nje.
Sikuona ajabu. Nimelea watu wa aina hiyo.

Jioni akapiga.
Rangi gani, mama?
Bluu.
Bluu ya namna gani?
Bluu ya bluu. Wewe umekula?
Nimekula.
Umekula nini?
Chakula.

Tukanyamaza, vocha inakwenda.
Huku kichupa cha zambarau mbele yangu mezani,
na kule sauti yake, nyembamba kidogo,
nikaitikisa kichwani, nikasubiri dakika zangu tano,
sikuwa na kadi ya kuilinganishia.

Ijumaa zambarau ikafifia.
Jumamosi ikawa bluu yenye haya,
mwenye mkia uliochanika akashuka chini kuchokoa kokoto,
mwenzake mmoja, mdogo, nilimzika kwenye chainizi.

Sikumwambia kitu.
Nilitembea hadi kwa wakala pale kona,
nikauza neno la gunia moja ambalo bado liko ardhini,
nikamtumia elfu ishirini, bila ujumbe.

Ujumbe ukarudi kabla sijafika nyumbani:

Ndaga, mama.
Kesho badilisha tena robo.
Na chumvi usiongeze, iliyomo inatosha.
Amebaki nani?